Mti Mdomoni mwa Lungu

Ukurasa huu nimeuanza mara tatu na mara tatu nimeuchana. Mimi si mtu wa kuandika habari za watu. Niliishia darasa la saba, na daftari hili nililianza ili nisisahau magunia yaliyoingia stoo na yaliyotoka. Siku hizi magunia yanaandikwa kwenye kompyuta, daftari limebaki langu.

Nataka kumwandika Mchoraji. Naogopa kumwonea na naogopa kumpendelea, kwa hiyo bora nianze na jambo lenyewe, ili anayesoma ajue kwa nini mkono wangu mzito. Kwa maneno aliyosema yeye mahakamani, na kwa picha niliyoipiga mimi, mama mmoja wa Kizwite alikatazwa kutumia mfuko wake wa unga. Mifuko yake ikachomwa moto. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kama tulimtendea haki. Yeye, nadhani, hakuwa na haja ya kujiuliza.

Alikuwa mrefu, mkavu, na koti la kijivu alilolivaa mwezi wa sita kwenye upepo wa baridi, akalivaa na mwezi wa kumi watu wakitafuta kivuli. Mifuko ya koti ilijaa brashi. Alinukia mafuta ya taa hata kanisani. Karibu kila kilichoandikwa kwa rangi pale mtaani kwetu Majengo kilitoka mkononi mwake: majina ya maduka, bei za kunyoa, "Usikojoe Hapa", majina kwenye misalaba ya makaburi. Na lile lungu kwenye mfuko wa kiwanda chetu.

Kwa asiye wa huku, lungu ni tanuru la udongo ambalo wazee wa Ufipa waliyeyushia chuma. Ni refu kuliko mtu, limebanwa juu, na chini lina matundu ya kupitishia hewa. Mengine bado yamesimama mashambani katikati ya maharage, na hakuna anayeyajali sana mpaka mgeni aulize. Bosi wetu alipoanza kusaga na kufunga sembe alitaka picha ya kwetu, Mchoraji akamchorea lungu lenye mti umeota mdomoni, umeinamia kushoto, matawi matatu. Bosi akaisajili picha ile, ikawa alama yake kisheria. Wateja hata hawakusoma jina. Walifika dukani wakasema tu, "Nipe ule wenye mti."

Mimi ndiye mtunza stoo. Yeye aliniita Dada Stoo.

Alinifundisha kuandika namba kwenye magunia. Mwandiko wangu ulikuwa mdogo, umejikunja kona moja ya gunia. Siku moja alisimama nyuma yangu akatazama, akasema, "Dada Stoo, mwandiko wako unaomba msamaha. Umekosa nini?" Akanishika mkono, akaivuta saba yangu mpaka ikajaa upande mzima. Sijui kama nimeacha kuomba msamaha, lakini namba zangu zinaonekana kutoka getini.

Jambo alilojivunia kuliko yote ni kwamba hakuwahi kunakili. Kunakili aliita kuchungulia. "Yule anachungulia," angesema kuhusu fundi mwingine, kwa sauti ya mtu anayesema yule anaiba kuku. Mjane mmoja alimletea picha ndogo ya marehemu mumewe, ya kitambulisho, amchoree ubao wa kuweka kaburini. Mchoraji aliigeuza picha kifudifudi mezani. "Nieleze alivyokuwa anacheka," akamwambia. Mjane akaeleza mpaka akalia. Ubao ulipokwisha, mjane alisema ni yeye kabisa. Ndugu za marehemu walisema huyo ni mtu mwingine, na mmoja akauliza kama mjane alikuwa na mume mwingine wasiyemjua. Nilikuwepo, na kwa haki nasema pande zote mbili zilikuwa na hoja.

Shule moja ilimpa kazi ya kuchora ramani ya Afrika ukutani. Aliichora kutoka kichwani. Ziwa Tanganyika likatoka kubwa kama bahari, na Madagaska haikuwepo. Mwalimu alipolalamika, Mchoraji alirudi kesho yake bila ubishi, akaichora Madagaska pale palipobaki nafasi, yaani ng'ambo ya dirisha. Watoto wa shule ile mpaka leo wanajua kwamba kwenda Madagaska unapita dirishani.

Kwenye bango la kinyozi alichora vichwa sita, na muuza nyama wa jirani akajiona kichwa cha nne. Akaja na kisu bado mkononi.

"Mzee, mbona umeweka masikio yangu?"

"Masikio yapi?"

"Haya!"

"Hayo ni ya kichwani kwangu. Kama yamefanana na yako, nenda kamuulize mama yako."

Watu walicheka mpaka muuza nyama naye akacheka. Mimi nilicheka pia. Lakini masikio yale yalikuwa yake, hata mtoto angejua. Niliona, nikanyamaza, kwa sababu aliposema "kichwani kwangu" alikuwa amenyooka kama mtu anayeapa.

Na bado hakuwa mtu mbaya kwa mafundi wenzake. Kulikuwa na mmoja aliyekuwa akiiga herufi zake waziwazi, zile zenye mkia. Mchoraji alimtukana kwa mwezi mzima. Kisha brashi za yule fundi zikaibiwa, na Mchoraji akatoa tatu kwenye koti akampa. "Haya, chungulia vizuri basi," akamwambia. Hakumdai hata moja.

Kitu kingine nilikijua lakini sikukijali. Kila mvua zilipokatika, aliondoka mjini siku mbili tatu. Alirudi na tope kwenye pindo za suruali na macho mekundu ya upepo. Ukimuuliza alikuwa wapi, anasema, "Nimekwenda kuosha macho." Tuliamini ana mwanamke kule. Tulimtania sana kwa hilo, na hakukataa.

Sasa kesi.

Mama wa Kizwite alikuwa na mashine ndogo, akaanza naye kufunga sembe. Mfuko wake ulikuwa na lungu, na mdomoni mwa lungu mti, umeinamia kushoto, matawi matatu. Bosi alipouona aliutandika mezani kwangu. Na ni haki niseme kwamba wapo wateja waliochanganya kweli. Muuza duka mmoja wa Matai alitupigia simu kutugombeza kwa mzigo ambao hatukumpelekea.

Bosi akafungua kesi. Mama akajibu kwa maandishi kwamba hakuiga mfuko wa mtu. Alisema lungu lile lipo shambani kwa baba yake, upande wa njia ya Matai, na mti umo mdomoni, na yeye aliwaeleza tu wachapaji wa Mbeya kitu alichokiona tangu utoto.

Wakili wetu aliposoma jibu hilo alinituma mimi nikapige picha, kwa kuwa simu yangu ilikuwa na kamera nzuri. Nilikwenda kwa bodaboda, wingu limetanda. Nilipofika kijijini nikamuuliza mtu mwenye baiskeli, "Lungu liko wapi?" Akanyoosha kidole, "Si hilo?" Lilikuwa karibu na barabara. Nililipiga picha pande zote nne. Halikuwa na mti. Niandike ukweli: nilifurahi. Matone yakaanza, dereva akaniita, tukageuza. Sikuuliza swali la pili.

Mahakamani alianza Mchoraji. Bosi hakumfundisha cha kusema, na wakili naye hakumfundisha, hilo nalijua na lazima niliseme. Wakili alimuuliza tu, "Mzee, huu mti umeutoa wapi?"

"Kichwani."

"Hukuuona mahali?"

"Mimi natoa kichwani. Majengo nzima inajua."

Na Majengo nzima ilikuwepo, imejaa kwenye mabenchi. Mama hakuwa na wakili. Alisimama mwenyewe, kitenge kimefungwa vizuri, karatasi mkononi.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba."

"Mzee, huo mti hujawahi kuuona kwetu?"

Akazipapasa brashi mfukoni mwa koti. "Binti yangu," akasema, "mimi sichungulii."

Kisha nikaitwa mimi. Picha zikapokelewa, zikazungushwa. Mama alizitazama, akainua macho.

"Mdogo wangu, hapa ulionyeshwa na nani?"

"Na mwenyeji, dada."

"Ulivuka mto?"

"Mto upi?"

Watu wakacheka. Mama hakucheka. "Ungeuvuka usingeuliza. Hili ni lungu la barabarani. La kwetu liko ng'ambo."

Wakili wetu akasimama, akasema mdaiwa aulize maswali, muda wake wa kujieleza utafika. Jaji akamwambia mama vivyo hivyo, kwa heshima.

"Basi swali langu ni hilo hilo," mama akasema. "Ulivuka mto?"

"Hapana."

"Asante."

Niliposhuka nilimtazama Mchoraji. Alikuwa ameshika picha yangu moja. Aliitazama, akanitazama mimi, kisha akatazama viatu vyake. Nilidhani amechukizwa na upigaji wangu.

Zamu ya mama ilipofika alirudia yale yale. Hakuleta picha. Nadhani hakufikiri kwamba mtu anaweza kudaiwa ushahidi wa shamba la baba yake. Wakili akamuuliza, "Malungu yenu yako mangapi, mama? Kila tukilipata moja linahamia ng'ambo?" Kicheko kikawa kikubwa zaidi.

Siku ya hukumu jaji alisoma taratibu. Alisema lungu ni la watu wote wa Ufipa, hakuna mfanyabiashara anayeweza kulizungushia ukuta akasema ni lake. Kama mama angeweka lungu tu, kama malungu yalivyo mashambani, kesi isingesimama. Lakini mti ule, unaoinamia kushoto na matawi matatu, ulitoka katika kichwa cha shahidi, na mahakama haikuonyeshwa kwamba upo mahali pengine. Mnunuzi wa kawaida hashiki mifuko miwili kwa pamoja, anakumbuka picha, na picha hizi angezichanganya. Mdaiwa azuiwe kuitumia, mifuko iliyobaki iteketezwe.

Sina neno na jaji. Alihukumu kwa alicholetewa, na tuliomletea ni sisi. Na huenda mama angeshindwa hata hivyo, kwa kuwa alama yetu ilitangulia kusajiliwa. Sijui sheria. Ninachojua ni kwamba hukumu ile ilisimama juu ya mti, na mti ulisimama juu yetu wawili.

Bosi alichinja mbuzi. Mchoraji alikaa mwisho wa benchi na sahani yake, akampa paka nyama kipande kwa kipande mpaka ikaisha. Wiki iliyofuata Bosi alimwambia achore lungu kubwa kwenye ukuta wa kiwanda. Akachora siku mbili. Lilipokwisha halikuwa na mti.

"Mti uko wapi?" Bosi akauliza.

"Nimeusahau."

"Umeusahauje? Ndio tulioshindia kesi!"

"Basi tafuta mwenye kukumbuka."

Aliondoka na ngazi yake begani, hakurudi kuchukua ujira. Mti uliopo ukutani leo ulichorwa na yule fundi wa herufi zenye mkia.

Mimi ningeweza kwenda kuangalia siku yoyote. Magari ya Matai yapo kila siku. Nilijiambia nina kazi, nikajiambia mama yule alikuwa anajitetea tu, mtu akibanwa husema lolote. Nilijiambia mengi. Nilipopita Kizwite nilipita njia ya nyuma.

Hayo yote nilitaka kuyasema kabla sijafika kwenye mambo ya wiki iliyopita.

Jumatatu asubuhi Mchoraji alikuja stoo. Sikuwa nimemwona kwa muda mrefu. Hachori tena, mikono inatetemeka, lakini koti ni lile lile.

"Dada Stoo, una nafasi kesho?"

"Ya kwenda wapi, Mzee?"

"Kuosha macho."

Sikuuliza zaidi. Nadhani nilishajua, na ndiyo maana sikuuliza.

Kesho yake tulishuka garini kwenye njia ya Matai, pale pale niliposhuka mimi mwaka ule. Lungu la barabarani lilikuwepo, limezungukwa na mabua. Nikasimama. Yeye hakusimama. Alipita bila hata kuligeukia, akashuka bondeni, mimi nyuma yake, upepo unatupiga masikio. Chini kulikuwa na mto mdogo, maji ya magotini, mawe yamepangwa chini ya maji mahali usipoweza kuyaona. Mzee alivua viatu, akavishika mkono mmoja, akaingia. Mguu wake ulitua kwenye jiwe la kwanza, la pili, la tatu, bila kutazama. Katikati alikata kulia, hatua mbili, kisha akanyooka tena mpaka ng'ambo.

Nilibaki ukingoni nimeshika viatu vyangu. Kabla hajasema neno nilikuwa nimeshapata jibu lote.

"Vuka," akasema. "Katikati kata kulia."

Nyuma ya kilima cha kwanza lilisimama lungu. Mkuyu mdomoni mwake ulikuwa umenenepa, umeanza kupasua udongo wa lungu, lakini bado umeinamia kushoto. Matawi niliyahesabu. Nikayahesabu tena. Mbele yake kulikuwa na jiwe bapa, limelainika kwa kukaliwa, na Mzee akalikalia kama mtu anayekalia kiti cha nyumbani kwake.

"Kila mwaka?" nikauliza.

"Kila mwaka. Na yule muuza nyama nilikuwa nakwenda kununua utumbo nisioula, nitazame masikio. Sina kichwa, Dada Stoo. Nina macho tu."

"Siku ile ulipoona picha yangu, ulijua."

"Nilijua kabla hujashuka kizimbani."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nimeshasema natoa kichwani. Mbele ya watu wote wale. Ningesimama tena niseme nini?"

Nilikasirika, na hasira yangu sikuiamini, kwa sababu nusu yake ilikuwa furaha kwamba kuna mwenye kosa kubwa kuliko langu. Nikamwambia, "Kutazama kitu si wizi, Mzee. Ungesema tu umeuona hapa."

"Sasa ndiyo unaniambia?"

Kisha akasema anataka kumwambia mama yule kwanza, halafu aape mbele ya jaji kama bado watakubali kumsikiliza, na kwamba peke yake atasikika kama mzee aliyechanganyikiwa. Anahitaji aliyepiga picha.

"Bosi atanifukuza," nikasema.

"Atakufukuza," akasema. Hakuongeza la kunifariji, na nilimshukuru kwa hilo.

Nilitoa simu. Nikapiga picha lungu, mti, jiwe bapa. Tulipokuwa tunarudi nikaupiga na mto.

Tulifika Kizwite alasiri. Mama hafungi tena unga wa kuuza, anasagia watu mahindi yao tu. Foleni ya wanawake na ndoo ilitoka nje ya mlango. Mashine ilikuwa inanguruma kiasi kwamba ukuta ulitetemeka. Alituona, akafuta unga usoni kwa kiganja, na alipomtambua Mzee akakunja uso. Lakini adabu ilitangulia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mama, nilichungulia."

"Unasemaje?"

"Nilichungulia!"

"Sikusikii!"

Akageuka, akamwambia msagaji azime. Mashine ikashuka taratibu, ikalia kwa muda, ikanyamaza. Wanawake wote kwenye foleni wakatugeukia. Mzee alitazama ndoo, akawatazama wenye ndoo, wapo wa Majengo waliokuwepo mahakamani. Mkono ulitafuta brashi ndani ya koti, haukukuta kitu. Nilidhani atakimbia. Nilidhani nitakimbia mimi.

"Mti ni wa kwenu," akasema. "Nilikuwa nakwenda kukaa pale kwa baba yako, nachungulia. Nilidanganya mbele ya jaji."

Hakuna aliyecheka. Mama alimpita kwa macho, akanifikia mimi pale mlangoni, na niliona ananikumbuka vizuri.

"Na wewe, mdogo wangu," akasema, "ulivuka mto?"

Pindo la sketi yangu lilikuwa bado limelowa. Nikasema kwa sauti ambayo hata wa mwisho kwenye foleni aisikie.

"Nimevuka leo, dada."